Mashine za Kahawa za Barcelona: Urithi Uliobandikwa Jina la Nakala

Mpwa wangu ni baharia. Kila meli yao inapotia nanga hunitumia picha, na kwa kuwa anajua udhaifu wangu, nyingi ni picha za kahawa. Safari hii alikuwa Barcelona, Hispania. Karibu na bandari aliingia mkahawa mdogo, akakuta juu ya kaunta mashine kubwa ya kahawa inayong'aa, ina mikono miwili mirefu imesimama kama makasia. Ubavuni ina kibati kilichoandikwa Gaggia Española S.A., Barcelona. Chini ya picha akaniandikia: "Mjomba, mwenye mkahawa anasema hii imeundwa hapa hapa mjini. Mimi nilidhani mashine hizi zote ni za Kitaliano. Nani mkweli?"

Nilimjibu kwa ufupi kwamba wote wawili wana haki. Lakini jibu fupi halikuniridhisha, na nadhani wako wasomaji wa ukurasa huu, hasa wale ambao siku haijakaa sawa mpaka wapitie kwa muuza kahawa baada ya alasiri, watakaopenda kusikia jibu refu.

Tuanze Milano, maana ndiko fikra ilikotoka na hakuna haja ya kuwanyima Wataliano haki yao. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano alisajili hataza ya mashine ya kupika kahawa kikombe kimoja kimoja kwa haraka, kwa nguvu ya mvuke. Desiderio Pavoni akaichukua na kuiuza. Mashine hizo za mwanzo zilikuwa ndefu, zimesimama wima kama mnara, na kahawa yake ilitoka haraka kweli, lakini mvuke huunguza. Presha yake nayo ilikuwa ndogo, kiasi cha mara moja na nusu hivi ya ile ya hewa inayotuzunguka. Kilichopatikana kilikuwa kahawa nyeusi, chungu ya kuungua, isiyo na povu.

Aliyetengua kitendawili hicho ni Achille Gaggia, mwenye baa mjini Milano. Mwaka 1938 alisajili hataza ya kusukuma maji ya moto kwenye kahawa bila kutumia mvuke. Vita vikaingia kati. Vilipokwisha akaja na mashine ya pistoni na springi inayovutwa kwa wenzo, na mwaka 1948 akaanzisha kampuni yenye jina lake. Mashine zake za kwanza aliziunda kwa kushirikiana na Ernesto Valente wa kampuni ya Faema, kisha wakaachana, kila mmoja akashika njia yake. Yashike majina hayo mawili, Gaggia na Faema, kwa sababu yote mawili yatahamia Barcelona.

Sasa tuvuke kwenda Hispania. Nchi ile ilitoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1939, vita vya miaka mitatu. Kuanzia mwaka huo mpaka 1952 watu walinunua chakula kwa kadi za mgao. Kahawa halisi ilikuwa adimu. Nyingine ilivushwa kwa magendo kutoka Ureno, na masikini walikunywa mizizi ya chikori au shayiri iliyokaangwa ikawa nyeusi, wakaiita kahawa kwa kujifariji. Serikali ya Franco ilifunga milango ya biashara. Fedha za kigeni hazikuwapo, na kuagiza mashine kutoka nje lilikuwa jambo la vibali, ushuru na kungoja.

Mlango ukifungwa, watu hutafuta dirisha. Dirisha la Hispania lilikuwa leseni: badala ya kuleta mashine, unaleta michoro na haki ya kuunda, kisha unaiunda nyumbani kwa mikono ya nyumbani. Mfano unaojulikana zaidi ni wa magari. Kampuni ya SEAT ilianzishwa mwaka 1950, na mwaka 1953 gari lake la kwanza likatoka katika kiwanda cha Barcelona, likiwa limeundwa kwa leseni ya Fiat ya Italia. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1950, kwa mtindo huo huo na katika mji huo huo, ilizaliwa Gaggia Española. Faema nayo ikawa na kampuni yake Barcelona.

Mtu atauliza, kwa nini Barcelona na si Madrid? Mji ule ulikuwa na mafundi. Katalunya ilikuwa na viwanda vya nguo tangu karne ya 19, na kiwanda cha nguo hakiendi bila watu wa kuchonga vipuri, kusubu shaba na kurekebisha mitambo. Hao ndio waliounda pikipiki za Montesa na Bultaco. Ukimpa fundi wa namna hiyo mchoro wa kichwa cha mashine ya kahawa, hatakuuliza maswali mengi. Kichwa chenyewe ni shaba ya njano iliyosubiwa, boila ni shaba nyekundu iliyokunjwa na kuchomelewa, na magamba ya nje yamepakwa kromu. Mashine hizo mpya hazikusimama wima tena. Boila lililazwa, vichwa vikapangwa safu, na upande unaomkabili mteja ukapambwa kama pua ya gari la miaka ile.

Namna ya kuitumia inastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu hapo ndipo utamu wake ulipo.

Mhudumu husaga kahawa, huijaza kwenye kichujio chenye mpini, huishindilia, kisha hukifunga kichujio chini ya kichwa cha mashine. Halafu huushika wenzo na kuuvuta chini kwa nguvu za bega. Ndani ya kichwa mna springi nzito. Wenzo ukishuka springi hubanwa na pistoni hupanda. Ikifika juu inafungua tundu, na maji ya moto kutoka kwenye boila yanaingia na kujaa juu ya kahawa. Mhudumu anasubiri sekunde chache ili kahawa ilowe. Kisha anaachia taratibu. Springi inaanza kujinyoosha, inasukuma pistoni chini, na maji yanapenya katika kahawa kwa presha ya mara 8 au 9 ya ile ya hewa. Kadiri springi inavyonyooka ndivyo nguvu inavyopungua, na wenzo unapanda wenyewe polepole kama mkono wa mtu anayeamka usingizini. Kinachoshuka kikombeni ni kahawa nzito iliyofunikwa povu la rangi ya dhahabu. Povu hilo mvuke haukuweza kulitoa, na wateja wa mwanzo walilistaajabia.

Huko kupungua kwa presha ndiko wapenzi wa mashine hizi wanakokusifu hadi leo. Pampu ya umeme husukuma kwa nguvu moja mwanzo hadi mwisho. Springi huanza na kishindo na kumaliza kwa upole, wakati kahawa imeshatoa uzuri wake na kilichobaki ni uchungu wa kukauka koo. Kila mtu na ulimi wake, lakini mimi niliyekulia kwenye kahawa ya dele inayokaa juu ya makaa nusu siku, nakubali kwamba moto na nguvu vikitumika kwa adabu kahawa hujua.

Jambo lingine ni umeme. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 Hispania ilikuwa na mgao wa umeme, mitaa inakatiwa kwa zamu. Mashine ya wenzo haina mota wala pampu. Ikiwa boila lake linapashwa kwa gesi, umeme ukikatika kahawa haikatiki. Sisi tunaoishi na taa za kuwaka na kuzimika hatuhitaji kufafanuliwa faida ya hilo.

Na kahawa yenyewe? Hapo Wahispania walijitenga kabisa na Wataliano. Wana ukaangaji wao unaoitwa torrefacto: karibu na mwisho wa kukaanga hutiwa sukari, ikayeyuka, ikaungua na kuzivika buni ganda jeusi linalong'aa. Anayehusishwa na kuueneza ni José Gómez Tejedor wa mji wa Badajoz, mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya vita ukaaji huo ulistawi, kwa kuwa ganda la sukari huzuia buni isiharibike haraka na huficha kasoro za kahawa duni. Sehemu ya kahawa waliyotumia ilitoka Afrika, katika koloni lao la Guinea ambalo tangu 1968 ni nchi huru ya Guinea ya Ikweta. Huko walilima robusta na liberika, na mazao hayo yalipewa upendeleo katika soko la Hispania. Kwa hiyo ndani ya kikombe cha mkahawa wa Barcelona mlikuwa na mchoro wa Milano, shaba ya Katalunya na jasho la Mwafrika wa kisiwa cha Fernando Poo. Watu wanaoandika juu ya mashine hizi huwataja wale wawili wa kwanza.

Robusta ina povu jingi, torrefacto ina uchungu mkali, na ukiviweka pamoja chini ya springi unapata kinywaji kinachohitaji maziwa. Ndiyo maana Mhispania ana majina kwa kila kiasi: café solo ni kavu, cortado imekatwa kwa maziwa kidogo, café con leche ni nusu kwa nusu, na kule Valencia hutiwa maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Ipo pia inayotiwa pombe; hiyo tuwaachie wenyewe. Na hapa niseme jambo lililonifurahisha: sukari Mhispania huiita azúcar, na kikombe hukiita taza. Maneno yote mawili aliyapata kwa Waarabu, walikotoka pia sukari yetu na tasa letu.

Mwaka 1961 Faema ilitoa mashine iliyobadilisha biashara yote, E61, iliyopewa jina kwa ajili ya kupatwa kwa jua kwa mwaka ule. Wenzo wa springi ukaondoka, pampu ya umeme ikashika nafasi yake, na maji mapya yakawa yanapashwa yakipita ndani ya boila badala ya kukaa humo siku nzima. Kichwa chake ni pande la shaba la kilo kadhaa, na maji ya moto yanazunguka ndani yake ili kisipoe. Nayo iliundwa Barcelona pia. Jina la Faema wakati huo Mhispania wa kawaida alilijua hata kama hakunywa kahawa, kwa sababu kampuni hiyo ilidhamini timu ya mbio za baiskeli. Angelino Soler alishinda Vuelta, mbio za kuizunguka Hispania, mwaka huo huo wa 1961 akiwa na timu ya Faema, na mwaka 1969 Mbelgiji Eddy Merckx alishinda Tour de France kwa jezi yenye jina hilo.

Kwa pampu kuingia, mashine za wenzo zingetarajiwa kutoweka. Hazikutoweka upesi. Mwenye mkahawa mdogo aliyekwisha kulipia mashine hakuwa na sababu ya kuitupa maadamu fundi yupo na vipuri vipo. Hapo ndipo ulipozaliwa upande wa pili wa urithi huu, ambao hauonekani kwenye picha za kupendeza: biashara ya vipuri. Ascaso ya Barcelona ilianza mwaka 1962 kwa kutengeneza vipuri vya mashine za kahawa, na baadaye sana ndipo ikaunda mashine zake. Iberital ilianza mwaka 1975, na jina lake kamili lilikuwa na neno recambios, maana yake vipuri. Wote hao leo wanauza mashine mpya duniani. Quality Espresso, pia ya Barcelona, mizizi yake inarudi hadi kwenye kampuni ile ya Gaggia. Watu walioanza kwa kuunda vitu vya wengine, kisha wakavikarabati, mwisho wakaunda vyao. Huo mfululizo ni historia kamili ya ufundi, na haukutokea Milano.

Basi kwa nini urithi wenyewe hautajwi? Fungua kitabu chochote kinene cha mashine za espreso, utakuta Bezzera, Pavoni, Gaggia, Faema, na picha za baa za Milano. Hispania ikipata nafasi ni mstari mmoja: "ziliundwa pia kwa leseni." Kwenye soko la wakusanyaji, mashine ya Barcelona huitwa ya Kihispania kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Hoja yao ni kwamba aliyebuni ni mmoja, waliobaki wamenakili.

Hoja hiyo sisi watu wa Mombasa tuna mahali pa kuipima. Ngome yetu ya Yesu, Fort Jesus, ilianza kujengwa mwaka 1593. Mreno ndiye aliyeijenga, lakini wakati huo Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, Philip wa Pili. Na aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano! Mji ule ule wa Gaggia. Mchoro ulifuata mitindo ya ngome za Italia za zama zile. Hata hivyo jiwe ni la matumbawe ya hapa, mikono iliyobeba ni mingi isiyoandikwa majina, na karne nne za kuteka na kutekwa zimepita humo. UNESCO ilipoiandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, iliiandika kama Fort Jesus ya Mombasa. Sijasikia mtu akisimama langoni na kusema hii ni nakala ya kitu cha Milano.

Ukikubali hilo kwa ngome, likubali kwa mashine. Kuchora ni kazi, na kusubu shaba ni kazi. Kuiweka mashine ikifanya kazi miaka hamsini katika mkahawa wa watu wa bandarini, kila asubuhi kabla ya alfajiri, ni kazi pia.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba hukumu ya "nakala" ina matokeo. Shaba ina bei. Mashine isiyo na jina kubwa ikiharibika, mwenyewe anapiga hesabu ya kilo. Jambo hili nalijua kwa uchungu wa nyumbani: dele la babu yangu, la shaba, lenye mkanda uliolika kwa kushikwa, liliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu wakati wa kuhamisha vyombo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Halikuwa na muhuri wa mtu maarufu, basi likahesabiwa kilo. Pesa zake sikumbuki zilinunua nini.

Kwa hiyo kwa yeyote anayekutana na mashine ya namna hii, awe anaishi Ulaya au amepewa na mtu aliyefunga mkahawa, nina maneno machache ya vitendo. Kibati cha Barcelona usiking'oe, wala usikibadilishe kwa cha Milano ili mashine ipande bei. Ukifanya hivyo umefuta ushahidi wa ilikotoka. Piga picha kila kitu kabla ya kufungua hata skrubu moja. Usichukulie kwamba gasketi au springi ya Gaggia ya Italia itaingia katika Gaggia ya Hispania kwa kuwa jina ni moja, pima kwanza. Vifaa vya zamani vya kuzuia joto huenda vina asbestosi, na vumbi lake huua mapafu, kwa hiyo usivikwangue kwa mkono mtupu na pua wazi.

Boila nalo ni chombo cha presha. Maji yaliyofungiwa humo hupita nyuzi 100, na valvu ya usalama iliyoganda kwa chokaa ni bomu. Maji ya Barcelona ni magumu sana, na ndani ya maboila ya mji ule chokaa hujijenga tabaka juu ya tabaka. Mwenye kisima hapa Mombasa aangalie ndani ya birika lake la umeme atanielewa. Na ule wenzo usiuchezee. Ukivutwa bila kahawa ndani ya kichujio, au kichujio kikifunguliwa springi ikiwa bado imebanwa, unaruka juu kwa kasi ya kuvunja taya. Wahudumu wa zamani waliusimamia ubavuni, si mbele yake, na hawakuachia mkono kabla ya kuhisi springi imeshika.

Hayo ya mwisho nilimwandikia mpwa wangu pia, maana namjua, hawezi kuona kitu cha kuvutwa asikivute. Alinijibu kwamba amechelewa kunionya: mwenye mkahawa alishamruhusu kuvuta kikombe kimoja, na alimkamata kifundo cha mkono muda wote kama mtoto anayefundishwa kuandika. Kahawa anasema ilikuwa chungu kuliko ya kwetu, akamaliza finjani mbili. Meli yao inarudi huko baada ya miezi mitatu, na nimemwagiza asome namba iliyopigwa kwenye boila, ile iliyojificha nyuma ya bamba la kromu, aniletee.